Watu Mia Mbili wa Ngassa

Ukisikia mtu amepewa watu mia mbili bure, swali la kwanza ni watakula nini. Hawa wa Ngassa hawakula kitu. Walitolewa kwa mdomo, wakaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kibanda cha kubashiri mpira pale Somanda, na mpaka siku ya ngoma hakuna aliyeweza kusema wanalala wapi. Milembe, mke wa Ngassa, ndiye aliyewaleta nyumbani. Alianza kuwaota kabla hajathubutu kumwambia mumewe.

Ngassa alikuwa manju wa Bagika wa Ngulyati, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma yao. Huku kwetu ngoma ina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa upande mmoja kama anavyozaliwa na pua yake. Mavuno yakishaingia ndani, pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja, kila mmoja na kona yake, wakapiga kwa wakati uleule. Mtazamaji yuko huru. Anayemfurahisha ndiye anayemwendea, na jioni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Jaji ni miguu ya watu, na miguu haina adabu.

Mwaka uliotangulia miguu hiyo ilimtenda Ngassa vibaya. Limbu, manju wa Bagalu, kijana ambaye Ngassa angeweza kumzaa, alikuja na jenereta, spika mbili zinazomzidi mtu kimo, na vijana wanaorusha majembe hewani na kuyadaka. Watu walimwendea kama maji ya jaruba lililofunguliwa. Ngassa akabaki na ndugu, majirani wenye huruma, na mbuzi wa jirani. Alirudi nyumbani, akalala akiutazama ukuta, na tangu siku ile hakuimba tena. Hakuimba akipalilia pamba, hakuimba akikamua ng'ombe, hata kanisani alisogeza midomo tu. Milembe, aliyeishi na sauti ile tangu akiwa msichana, akagundua kwamba nyumba inaweza kuwa na mtu ndani na bado ikawa tupu.

Kwa hiyo safari hii Bagika walipomsihi Ngassa asimame tena, naye akakubali kwa shingo upande, Milembe hakuomba ushindi. Mtu mzima haombi mvua ya Januari inyeshe Agosti. Aliomba kitu kidogo tu: mumewe asiaibike vile tena, kwa sababu akiaibika mara ya pili, sauti ile haitarudi.

Siku moja alipita Somanda kumsalimia Method, mtoto wa kaka yake, mwenye kile kibanda. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa nje wakibishana kuhusu timu za Ulaya kana kwamba walikula nazo mchana.

"Mwadila, sengi," Method alimwamkia shangazi yake.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu kiti."

Hakukikalia. Macho yake yalikuwa yamegota ubaoni. Chini ya orodha ya mechi palikuwa na mstari mmoja wa chaki nyeupe: Ngoma Ngulyati, Limbu na Ngassa, na mbele ya jina la Ngassa alama ya kujumlisha na hamsini.

"Hii nini?" aliuliza.

Method akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa jikoni na kifuniko mkononi. "Handikapu, sengi. Ngoja nikueleze kwa mpira. Timu kubwa ya Dar ije kucheza na timu yetu ya hapa. Utaweka kwa nani?"

"Ya Dar."

"Kila mtu ataweka ya Dar. Sasa atabishana na nani? Basi mimi naipa timu yetu mabao mawili kabla mpira haujaanza. Mabao ya hewani. Dar wakishinda moja bila, uwanjani wameshinda, lakini kwangu wamefungwa. Aliyeweka kwao akitaka ale, lazima washinde kwa matatu kwenda juu."

"Na wakishinda kwa mawili?"

"Hapo sare, kila mtu anachukua chake. Ndiyo maana wajanja huweka bao moja na nusu, pasiwe na sare."

"Nusu bao linafungwaje?"

"Halifungwi, sengi. Linahesabiwa tu."

Milembe akatikisa kichwa. Method akaendelea kwamba kwenye ngoma hakuna mabao, kuna watu. Wazee wameshakubali watu wahesabiwe jioni, na yeye amempa mzee Ngassa hamsini wa kuanzia. Watajumlishwa na wake wakati wa kukata mzizi wa fitina.

"Kwa hiyo wewe unaona mume wangu atazidiwa kwa watu hamsini?"

"Hapana, gete, kweli kabisa. Mimi sioni kitu. Namba hii si utabiri, ni ya kuwagawa watu, nusu waende huku, nusu kule. Ila mpaka sasa wote wako kwa Limbu. Damas pale ameweka dume lake, na hajapata wa kumjibu. Asipopatikana, naongeza."

Damas, fundi baiskeli wa kibanda cha pili, aliinua spana kumsalimia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dume na alikuwa na macho, basi.

Na Method akaongeza. Milembe alianza kutafuta visababu vya kwenda mjini, leo chumvi, kesho betri ya tochi, na kila akipita ubao ulikuwa umepanda. Mia moja. Mia na hamsini. Nambari ilikuwa inafutwa kwa kiganja na kuandikwa upya juu ya vumbi lake, na kila ilipopanda ilikuwa kama kijiji kizima kinamsema mumewe mbele yake, tena bila kutukana. Siku alipokuta mia mbili, kijana mmoja wa bodaboda alipiga kelele, "Mpe kata nzima huyo mzee, Method, labda tutaelewana!" Wenzake wakaangua kicheko.

Milembe akahisi moto umempanda kifuani. Alijua chaki ile haitasimama yenyewe. Itapanda mpaka mia tatu, mia nne, itapanda mpaka jina la Ngassa liwe mzaha wa kuchekeshea watoto, na yeye Ngassa hatakosa kusikia.

"Weka hiyo chaki chini," alisema. "Naweka mtamba wangu kwa mume wangu."

Mtamba yule alikuwa wake mwenyewe, si wa boma. Alizaliwa na ng'ombe aliyekuja na mahari ya binti yao Elina, aliyeolewa Mwanhuzi. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, na alikuwa na mimba ya kwanza. Maziwa ya uzee wa Milembe yote yalikuwa kwa mnyama huyo.

"Sengi, una uhakika?"

"Sina. Andika."

Mchana ule, akiwa amechoka kwa jua na kwa woga, alijilaza kwenye rundo la pamba iliyokuwa ikisubiri kuuzwa, akapitiwa na usingizi. Akawaona. Walikuwa wakija kwa njia ya mtoni, mmoja mmoja na wawiliwawili, wamevaa nguo za miaka yote: khanga zilizopauka, kofia za zamani, mashati ya shule. Hawakuwa na haraka. Wa mbele alisimama uani akauliza kwa upole, "Mzee Ngassa anakaa hapa? Sisi ndio aliopewa." Milembe alihangaika kutafuta vigoda, akawaambia samahani, viti havitoshi. Wakamjibu kwamba haidhuru, wao ni wa kusimama.

Aliamka na pamba kwenye nywele, na tangu hapo hakuwa peke yake. Akichota maji, alisikia kama kuna foleni nyuma yake. Kwenye njia nyembamba ya shambani alijikuta akisogea pembeni kuwapisha watu ambao hawapo. Jioni moja alipakua ugali mwingi mno, na Ngassa akamwuliza kama kuna wageni. Akasema hapana. Alikuwa ameshakaribia kumwambia, neno likafika kwenye meno, likarudi.

Siku ya ngoma ilikucha na ukungu wa vumbi. Magari ya pamba yalikuwa yamepita wiki nzima, na nyuzi nyeupe zilining'inia kwenye majani kando ya barabara, zikipeperuka polepole hadi uwanjani, zikiwatua watu mabegani. Jua lenyewe lilionekana limefunikwa shuka. Watu walikuja kutoka kila upande, na uwanja wa mpira wa Ngulyati ukajaa. Januarius, katekista, ambaye hata wezi humwachia baiskeli, alikuwa na madebe mawili. Ngoma zikikoma, watu wa Limbu watatokea goli la mashariki na wa Ngassa goli la magharibi, kila mtu akidondosha punje moja ya hindi.

Ngassa alianza vizuri kuliko Milembe alivyotarajia. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa sauti. Bagika wa zamani wakajipanga mbele yake, na moyo wa Milembe ukatulia kidogo. Kisha akamwona Felisita, jirani yake, aliyebaki na Ngassa hata mwaka jana, akifunga khanga vizuri na kuondoka kuelekea mashariki.

"Felisita! Unakwenda wapi?"

"Mama Elina, si mzee amepewa watu mia mbili? Leo hana shida. Ngoja na mimi nikaone hayo majembe yanavyorushwa, mwaka jana nilijinyima."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwacha mgonjwa baada ya kuona chumba kimejaa wauguzi. Na hakuwa peke yake. Mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa wakimbakia Ngassa kwa huruma, kwa ukoo, kwa aibu ya kuonekana wanaondoka, waliondoka kwa amani kabisa. Mzee anao mia mbili. Mzee yuko salama. Milembe akaelewa alichokifanya. Alikuwa amewanunulia mlango wa kutokea bila aibu.

Mbele ya Ngassa pakabaki uwazi wa vumbi na nyuzi za pamba. Ndipo spika za Limbu zikanguruma. Limbu alikuwa na furaha, na mwenye furaha hapimi maneno.

"Heshima kwa mzee wetu Ngassa!" alisema kwenye kipaza sauti. "Mzee kapewa watu mia mbili wa hewani pale Somanda! Na mama mwenyewe kamwekea mtamba! Shangilieni!"

Watu wakashangilia na kucheka. Ngassa akainua mkono, ngoma zake zikakatika. Akageuka taratibu akamtafuta mkewe kwa macho, akampata. Milembe hakuweza kuinamisha kichwa. Aliona kila kitu kikipita usoni mwa mumewe: kutoelewa, kuelewa, na kile kilichokuja baada ya kuelewa, ambacho kilimchoma. Alitaka kumwambia kwamba sikukuuza, baba Elina, nilisimamisha chaki tu. Lakini hayo si maneno ya kupiga kelele uwanjani. Akabaki amesimama na machozi yake, akisubiri mumewe aweke chini fimbo yake ya kuongozea ngoma na kwenda nyumbani kulala.

Ngassa aliutazama ule uwazi mbele yake. Aliutazama muda mrefu, macho yameng'ang'ania, kama mtu anayeona vumbi la gari mbali na hajajua ni la nani. Kisha akawaambia wapiga ngoma wake, bila kupaza sauti, "Rudini nyuma kidogo. Wapisheni wageni."

Wakatazamana. Wakarudi nyuma.

Akaanza kuimba chini sana, kwa Kisukuma, akiwaamkia waliofika. Manju huwataja watu kwa majina katika wimbo, na anayetajwa hucheza au hutoa tunzo, ndiyo desturi. Ngassa akawataja hawa. Akamtaja Masanja, aliyekuwa akitembea na mguu mmoja kutoka Mwanhuzi kuja kumsikiliza, akazikwa mwaka wa ukame. Akamtaja Luhende, aliyekwenda machimboni Geita akasema atarudi wakati wa kupanda. Akawataja pacha Kulwa na Doto, waliochezea ngoma yake mgongoni mwa mama yao, na sasa wako Dar wanaendesha malori ya watu. Akamtaja mpiga ngoma wake wa kwanza, ambaye vidole vyake hakuna aliyewahi kuvipata tena. Kila jina alilipa nafasi yake, akaliacha lifike, akalipokea kwa kichwa kama mwenyeji mlangoni, kisha akaita lingine.

Na Milembe akawaona. Sitasema walikuwepo, wala sitasema hawakuwepo. Mimi nasema aliwaona. Walisimama kwenye vumbi lile la dhahabu, wamejaa mpaka kwenye mstari wa kati, na nyuzi za pamba zilipowafikia hazikutua, ziliwapita. Wengine aliwajua. Wengine walikuwa walewale wa ndotoni, wa kusimama. Moyo wake ulifurika, akalia bila kujificha, na pembeni yake wazee wa Bagika walikuwa wanalia vilevile, kila mmoja kwa jina lake.

Kwanza alirudi mwanamke mmoja aliyesikia jina la marehemu mumewe likipita chini ya kelele za spika. Akaja mwingine na watoto. Wakaja vijana wasiomjua yeyote kati ya waliotajwa, ila walitaka kujua kwa nini watu wanalia. Felisita akarudi akiwa amefunika mdomo kwa khanga. Walipofika hawakukanyaga ule uwazi. Hakuna aliyewaambia, walizunguka tu pembezoni, wakaacha nafasi katikati, wakasimama. Upande wa pili Limbu aliendelea kupiga, na alipiga vizuri, majembe yalipanda na kushuka yakimetameta, na wengi wakabaki kwake. Tusimpunguzie mtu haki yake.

Jua lilipogusa paa la shule, Januarius akapuliza filimbi. Watu wakatoka, huku na huku, punje zikadondoka. Katekista akahesabu kwa kunong'ona kama anayesali rozari, Method amechuchumaa kando yake. Kisha Method akainuka, akaja kwa shangazi yake akiwa hana raha.

"Limbu amemzidi mia mbili na kumi na tatu, sengi."

Milembe akaitikia kwa kichwa. Kumi na watatu juu ya wale mia mbili. Kama wangekuwa wachache tu wamechelewa kidogo kwenda kuona majembe.

Limbu alikuja akampa Ngassa mikono yote miwili, akasema, "Wabeja, manju," kumshukuru, na akasimama pale kwa muda kama mtu aliyeshinda na bado anadaiwa kitu. Ngassa akampigapiga bega.

Damas alifika nyumbani kwao kabla giza halijaingia vizuri, kofia mkononi, akaanza kusema kwamba kama ni mapema sana anaweza kurudi wiki ijayo. Ngassa hakumwacha amalize. Aliingia zizini mwenyewe, akamfungua mtamba, akamkabidhi kamba. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. Milembe alimpapasa yule mnyama shingoni, kwenye baka jeupe, akamwacha aende. Iliuma. Asiseme mtu kwamba haikuuma.

Wakabaki wawili uani.

"Kwa nini mia mbili?" Ngassa aliuliza.

"Ilikuwa inapanda, baba Elina. Ilianza hamsini. Hakuna aliyekuwa anakuwekea hata kuku. Nikaona niisimamishe."

"Hukufikiri nitashinda."

Milembe angeweza kudanganya, na ndoa nyingi zimeokolewa na uongo mdogo kuliko huo. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana," alisema. "Nilitaka tu uimbe."

Ngassa akanyamaza. Milembe aliujua unyamavu ule, aliuishi mwaka mzima, akausubiri uingie ndani na kufunga mlango. Uani palikuwa na utulivu, na zizini ng'ombe mama alilia mara moja akimwita aliyekwenda.

"Yule mwanamke," Ngassa alisema hatimaye, "mwembamba, alikuwa akipiga vigelegele kabla wimbo haujaisha, mpaka tunamkaripia. Aliitwa nani? Leo nimemruka. Nilimwona kabisa amesimama nyuma, jina likanikataa."

"Kabula," Milembe alisema. "Kabula, mke wa Nkwabi."

"Kabula," alirudia, akilipima jina kwenye ulimi, mara moja kwa maneno na mara ya pili kwa wimbo. "Mwakani tutaanza naye."